Ngoma kwenye kipindi cha michezo: namna ya kuchezesha darasa zima

Shule nyingi za msingi Tanzania zina kikundi cha ngoma. Utakuta wanafunzi 12 au 15 waliochaguliwa kwa sababu tayari wanajua kucheza. Hutolewa darasani siku chache kabla mgeni rasmi hajafika, au pale UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inapokaribia, na wenzao hubaki kupiga makofi. Kikundi hicho kina kazi yake na hakuna haja ya kukivunja. Hapa tunazungumzia kitu kingine: mwalimu mwenye darasa la watoto 80 au 90, uwanja wa vumbi, ngoma moja au hana kabisa, na kipindi cha dakika 40 ambacho kwenye ratiba kimeandikwa Sanaa na Michezo lakini mara nyingi huishia kwenye mpira mmoja. Wavulana 22 wanaukimbiza, wengine wote wako kivulini wanasukana nywele.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya apumue kwa kasi. Kwa mpira mmoja hilo haliwezekani. Kwa ngoma angalau sehemu yake inapatikana, tena bila gharama, mradi kila mtoto acheze, hasa yule anayesema hajui.

Mifano mingi hapa ni ya Tanzania. Mwalimu wa Kenya anaweza kuweka Mwomboko au Isukuti mahali palipoandikwa ngoma ya Mganda. Utaratibu ni uleule.

Chagua ngoma kwa miguu yake

Walimu wengi huchagua ngoma kwa mavazi au kwa sifa yake jukwaani. Kwa kipindi cha michezo angalia miguu. Ngoma inayofaa kuanzia ni ile yenye hatua moja ya msingi ambayo mtoto anaweza kuirudia dakika mbili mfululizo bila kuchanganyikiwa, na inayochezwa kwa mistari au duara ili umuone kila mmoja.

Kwa vigezo hivyo, mimi ningeanza na Mganda. Ni ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, upande wetu mkoani Ruvuma na ng'ambo Malawi. Ilikua enzi za ukoloni kwa kuiga gwaride la askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza: wachezaji wanajipanga mistari, wamevaa kaptura na soksi ndefu, kiongozi anapuliza filimbi, ngoma kubwa inashika mdundo na malipenga ya vibuyu yanavuma juu yake. Mtoto anayesimama mstarini kila asubuhi ameshajua nusu ya ngoma hii kabla hujamfundisha.

Ya pili iwe Bugobogobo ya Wasukuma, iliyotokana na kulima kwa pamoja. Wachezaji hushika majembe, huinama, huinuka, huyarusha na kuyadaka kwa kufuata ngoma. Kwa mapaja na mgongo sijui zoezi linaloishinda. Majembe yenyewe yabaki stoo. Wape vijiti vyepesi vya urefu wa mkono, na kurusha kuje mwishoni kabisa, wakiwa wameachana mbali.

Msewe ya Pemba nayo ina faida ya pekee kwa mwalimu: wachezaji hufunga njuga miguuni, na mguu ukichelewa njuga zinasema. Mtoto anajisikia mwenyewe amekosea, huna haja ya kumwita jina. Kwa shule, toboa vizibo vya soda kwa msumari, vigonge makali yake kwa jiwe yalale, vitunge kwenye uzi mnene, kisha vifungwe juu ya soksi visije vikachubua ngozi.

Ziko ngoma za kuacha. Ngoma za unyago na jando zina wenyewe, zina wakati wake, na mafunzo yake si ya uwanja wa shule. Za kupunga pepo vilevile. Sindimba ya Wamakonde ni ngoma nzuri sana, lakini jukwaani imebaki kiuno tu, na watoto watakuja nayo hivyo hivyo walivyoiona. Ukiitaka, mtafute mzee wa Kimakonde aifundishe kuanzia miguuni. Na watakuomba singeli. Usiikatae, ina nafasi yake, tutaifikia.

Mtafute sogora wa mtaani

Hutakiwi kujua kila ngoma. Karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kupiga au kucheza, awe manju wa zamani, mama wa kikundi cha harusi au mlinzi wa shule yenyewe. Mwombe aje mara moja au mbili. Pitia kwa mwalimu mkuu kwanza, mkubaliane nauli na ahsante yake mapema, na wewe uwepo uwanjani muda wote akiwa na watoto.

Siku hiyo, kwa ridhaa yake, mrekodi kwa simu kwa mpangilio huu: kwanza ngoma peke yake kwa dakika tatu, kisha wimbo bila ngoma, kisha miguu yake kwa nyuma na kwa ubavu. Usirekodi vyote kwa pamoja tu. Ukirudi nyumbani kujifunza, vikiwa vimechanganyika hutaweza kujua mguu unashuka kwenye pigo lipi.

Muulize pia maneno ya wimbo yana maana gani. Ziko nyimbo zinazosikika kama za kuchekesha, kumbe zina mafumbo ya watu wazima, na mzazi mmoja akizielewa siku ya mahafali utaitwa ofisini.

Mambo ya kumaliza kabla hujatoka na darasa

Ongea na mwalimu wa taaluma kuhusu saa. Ngoma inasikika mbali, na madarasa ya mtihani hayatakushukuru ikipigwa dirishani kwao saa nne. Kipindi cha asubuhi au cha mwisho jioni ni bora, kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya jua. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga wawe wapigaji, waimbaji na wahesabuji. Kazi hizo ni sehemu ya somo, si adhabu.

Wazazi waambiwe kwenye kikao, kwa lugha nyepesi: watoto watacheza ngoma kama mazoezi, wasichana na wavulana kila mmoja kwenye nafasi yake, bila kushikana viuno. Wasichana wavae kaptura ndefu au suruali ya michezo, au wafunge kanga juu ya sketi kwa fundo linaloshika. Ukiyasema haya mapema, malalamiko mengi hayaji.

Halafu afya. Uliza, na uandike kwenye daftari lako, nani ana pumu, nani ana selimundu, nani ana tatizo la moyo. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu, si kwenye begi lililofungiwa darasani. Mwenye selimundu anaweza kucheza, lakini asishindanishwe, anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, na asiachwe na nguo zilizoloa jasho upepo ukimpiga. Akisema anaumwa, amini mara ya kwanza. Msichana aliye kwenye hedhi asiulizwe mbele ya watu kwa nini leo anapiga kayamba badala ya kucheza. Weka utaratibu kwamba mtu yeyote anaweza kuchagua kupiga bila kutoa sababu.

Na miguu: wote peku au wote na viatu. Mchanganyiko ndio unaoleta vidole vilivyokanyagwa. Kama ni peku, kagua uwanja mwenyewe uokote misumari, vigae na miiba.

Hatua ya kwanza: gawa darasa nusu kwa nusu

Hapa ndipo darasa kubwa linapogeuka kuwa faida. Watoto 90 wagawe makundi mawili ya 45. Kundi moja linacheza, lingine linaimba na kupiga makofi. Baada ya dakika mbili wanabadilishana. Anayecheza kwa nguvu hawezi kuimba vizuri, pumzi haimtoshi, na anayepumzika anahitaji kazi. Kwa hiyo mapumziko ya kundi moja ndiyo muziki wa kundi la pili, na hakuna anayekaa kivulini.

Kundi linalocheza lipange mistari mitano ya watoto tisa tisa. Kila mtoto anyooshe mikono pande zote, asiguse mtu. Chora alama kwa fimbo ardhini, au weka vijiwe viwili mwanzo na mwisho wa kila mstari. Waimbaji wasimame upande ambao jua liko mgongoni mwao, wakiwatazama wachezaji.

Kengele ya kubadilishana iwe filimbi: moja ni kusimama, mbili ni kubadilishana. Zoeza hilo peke yake, bila ngoma, mpaka wabadilishane bila kusukumana. Dakika tano za zoezi hilo siku ya kwanza zitakuokolea nyingi siku zijazo.

Hatua ya pili: pasha mwili kwa mchakamchaka

Shule zetu zina mazoezi ya kupasha mwili yaliyokwisha kukamilika, nayo ni mchakamchaka. Una mwimbishaji, una kiitikio, una mguu unaoshuka pamoja na neno. Anza nao. Mzunguko mmoja wa uwanja taratibu, wa pili kwa kuinua magoti, wa tatu kwa kutembea kwa visigino na ncha za vidole kwa zamu, wimbo ukiendelea. Kisha zungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu. Dakika sita au saba zinatosha.

Kuruka kichura usiwape. Ni zoezi zuri la mapaja, lakini kwa watoto wetu ni adhabu ya kuchelewa namba. Ukiliweka kwenye kipindi cha ngoma, nusu ya darasa watadhani kuna aliyekosea.

Kipimo cha jasho ni maongezi. Mtoto anayecheza kwa kiwango kinachofaa anaweza kukujibu sentensi fupi, lakini hawezi kuimba beti zima. Akiweza kuimba beti zima, hajaanza kufanya kazi. Akishindwa hata kujibu jina lake, mpumzishe.

Hatua ya tatu: miguu, bila ngoma

Ngoma ibaki chini. Watoto wakisikia ngoma kabla hawajajua hatua, wanacheza wanavyojua wao, na kuwarudisha ni kazi.

Hatua ya msingi ya Mganda, iliyorahisishwa kwa darasa, ihesabu kwa nane. Moja mpaka nne wanapiga hatua papo hapo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, magoti yamelegea. Tano mpaka saba wanasonga mbele hatua tatu. Nane wanasimama kwa kukunja magoti kidogo, miguu pamoja. Mzunguko unaofuata wanaanza na mguu uleule wa kushoto. Sisitiza magoti: goti lililonyooka linapokea kishindo chote, na kwenye uwanja mgumu mtoto ataamka kesho anachechemea. Mguu utue laini. Waambie wacheze bila sauti ya mguu kusikika na wataelewa wenyewe.

Sasa tatizo la kushoto na kulia. Ukiwatazama usoni na kuinua mguu wako wa kulia, nusu watainua wa kushoto. Wape mgongo, au bora zaidi, weka mbele watoto wawili wanaoshika haraka na wewe usimame ubavuni uwaone wote. Badala ya kushoto na kulia tumia alama za uwanja: "mguu wa mwembe, mguu wa ofisi." Darasa la tatu wanashika papo hapo. Alama hizo zinafanya kazi mpaka siku mtakapoanza kugeuka, maana wakigeuka mwembe umehama upande. Siku hiyo funga uzi au utepe kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa kila mtoto, na jina la mguu liwe "wa uzi" na "usio na uzi."

Fundisha kwa vipande, lakini kwanza waone ngoma nzima mara moja. Wakishajua kinakoelekea, chukua hesabu moja mpaka nne, warudie; chukua tano mpaka nane, warudie; unganisha. Kisha wahesabu wao, wewe nyamaza. Darasa likiweza kuhesabu na kucheza bila sauti yako, hatua imeingia.

Hatua ya nne: mikono

Kila darasa lina mtoto ambaye mkono na mguu wa upande mmoja huenda pamoja. Kwenye gwaride wanamcheka, na kadiri anavyochekwa ndivyo mwili unavyozidi kukakamaa. Kumwambia "badilisha mkono" hakusaidii. Akifikiria mkono, mguu unapotea.

Kipindi cha kwanza chote mikono ya darasa zima ikae kiunoni, kwa hiyo hakuna anayeonekana. Kipindi cha pili, kabla mikono haijaachiwa, mtume mtoto huyo akuletee kitu upande wa pili wa uwanja, chaki au filimbi, na umtazame anavyotembea. Mikono yake inapishana na miguu vizuri kabisa, kwa sababu hana habari nayo. Akiwa anarudi, anza kupiga ngoma polepole kwa mwendo wake yeye, kila mguu wake na pigo lake. Akifika usimsimamishe, mwambie aendelee papo hapo alipo. Mara nyingi mikono inabaki sawa. Ikiharibika tena, arudi kiunoni siku hiyo, kesho utamtuma tena.

Usimshike mtoto mwili kumrekebisha. Onyesha kwa mwili wako, au mwambie mwenzake amwoneshe.

Hatua ya tano: ingiza ngoma na wimbo

Kama shule haina ngoma, ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyogeuzwa inatoa sauti nzito ya kutosha, na dumu tupu la mafuta ya kula linatoa sauti nyembamba. Chupa za maji zenye kokoto ni kayamba. Lipenga la Mganda unaweza kulitengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki au mwanzi: ziba ncha moja kwa nailoni laini ya mfuko, ikaze kwa mpira, toboa tundu ubavuni, kisha vuma kwa sauti ndani ya tundu. Anayepuliza kama filimbi hapati kitu, lazima avume. Malipenga 10 yakivuma kwa pamoja darasa zima litataka kuwa upande wa wapigaji, kwa hiyo weka zamu.

Kama mna ngoma ya ngozi, siku ya baridi au ya mvua ngozi hulegea na sauti hufa. Ianikwe juani, au ipashwe moto wa karatasi kwa mbali, na kazi ya moto aifanye mtu mzima.

Kasi ya kuanzia iwe midundo 100 hivi kwa dakika, karibu na mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kuipima ni rahisi: tazama saa, uhesabu mapigo 25 katika sekunde 15. Mpigaji mtoto akishangiliwa huongeza kasi, na wachezaji humfuata mpaka wote wanaishia kuruka ovyo. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wahenga walishasema. Dawa yake ni kumgeuza mpigaji asiwaone washangiliaji. Mchagulie mchezaji mmoja mwenye mwendo uliotulia, na kazi yake iwe kufuata miguu ya huyo tu. Mtu akikuambia kwamba mchezaji ndiye anayefuata ngoma, mwambie akakae karibu na masogora wa kweli aone macho yao yanatazama wapi.

Wimbo uwe mfupi, mstari mmoja wa mwimbishaji na mstari mmoja wa kiitikio. Ukitumia wimbo wa lugha ya kabila, waandikie ubaoni siku moja kabla, na waliozaliwa na lugha hiyo ndio wafundishe matamshi. Mtoto wa Kingoni katikati ya darasa la Mwanza huwa hana siku ya kuwafundisha wenzake kitu, mpe hii.

Hatua ya sita: tembeza maumbo

Hatua ikishaingia, ngoma inayochezwa mahali pamoja huanza kuchosha. Badili umbo, miguu ibaki ileile. Mistari mitano igeuke miwili inayotazamana. Mistari isogeleane na kupishana, kila mtoto akipita kulia kwa aliye mbele yake. Kisha mtoto wa mwisho wa mstari mmoja aongoze wote kuwa nyoka, na nyoka ajifunge kuwa duara. Kupishana ndiko kunakogongana vichwa. Jaribuni kwa kutembea bila wimbo mara mbili, na sheria ya upande wa kulia muikariri kwa sauti.

Mwenye kiti cha magurudumu aongoze nyoka. Kiti chake ndicho kinachoweka mwendo, wengine wanamfuata, na mikono yake inacheza hesabu zilezile. Mtoto asiyesikia asimame karibu na ngoma kubwa, kwanza akiweka viganja kwenye ubavu wake ili aupate mdundo, na mwoneshaji mmoja mbele ainue bendera kwenye pigo la kwanza la kila nane. Bendera hiyo itawasaidia na wengine wengi ambao masikio yao ni mazima.

Mvua ikinyesha msiache. Wakiwa madawatini, miguu inapiga sakafu hesabu zilezile, mikono inapiga mapaja na dawati, nusu wanaimba. Mwalimu wa darasa la jirani atalalamika, basi iwe dakika 15 tu.

Hatua ya saba: waunde ya kwao

Hiki ndicho kipande walimu wanachokiruka, na ndicho kinachotenganisha somo na mazoezi ya kikundi. Kufikia kipindi cha tano, wagawe makundi ya watoto tisa, kila kundi litunge hesabu nane zake za kuongeza baada ya nane za Mganda.

Ukiwaambia tu "tungeni," watakaa. Wape maswali manne, yaliyotokana na kazi ya Rudolf Laban, mtaalamu wa miondoko ambaye mawazo yake yalienea sana kwenye shule za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwili unafanya nini: unaruka, unainama, unageuka? Unaenda wapi: mbele, chini, pembeni? Unaenda vipi: kwa nguvu au laini, haraka au taratibu? Na uko na nani: peke yako, wawili wawili, kundi zima? Kila kundi lichague jibu moja kwa kila swali. Dakika 10 zinatosha, ukiongeza wataanza kugombana.

Singeli inaingia hapa. Muziki wenyewe una midundo 200 na zaidi kwa dakika, kasi ambayo mtoto hawezi kuipa kila pigo mguu wake kwa muda mrefu bila kuumia. Waache watumie hatua za singeli, lakini mguu ushuke pigo moja, uruke moja, yaani nusu ya kasi, na ngoma yenu ndiyo ipigwe badala ya simu. Mtashangaa jinsi hatua nyingi za singeli zinavyokaa vizuri juu ya ngoma za Wazaramo, na kwa kuwa singeli imezaliwa Dar es Salaam, kwa Wazaramo wenyewe, hilo si la kushangaza sana. Mtindo wowote utakaomlazimisha mtoto kulala chini au kufanya jambo ambalo asingelifanya mbele ya bibi yake, uondoe bila hotuba: "Hiyo hapana, leteni nyingine."

Kupoza mwili

Dakika nne za mwisho. Wimbo uendelee kwa sauti ya chini, watembee, kisha wasimame na kunyoosha misuli ya nyuma ya paja, mashavu ya miguu na mabega, kila mnyoosho kwa hesabu 15 bila kudundadunda. Maji, kivuli, halafu darasani. Wakitoka kwenye duara la ngoma moja kwa moja hadi kwenye Hisabati, mwenye kipindi cha Hisabati atakuchukia.

Kuweka alama

Huwezi kuwatazama watoto 90 kwa siku moja. Tazama 15 kila kipindi, majina yako kwenye daftari, bila kuwaambia ni akina nani; kwa vipindi sita umewamaliza. Angalia mambo matatu: je, mguu unashuka kwenye pigo, je, anamaliza hesabu zote bila kumtazama wa pembeni, je, anajua nafasi yake na kuwapisha wenzake. Alama ya nne ni ya kundi lote kwa walichokitunga. Uzuri wa kucheza usiupe alama. Kuna watoto waliozaliwa ngomani na kuna wengine hawajawahi kucheza hata kwenye harusi ya dada yao. Ukipima uzuri umepima nyumba walikotoka.

Andika pia anayesogea. Aliyeanza akiwa hashiki pigo hata moja na sasa anashika manne amejifunza kuliko yule nyota wa kikundi, na kwenye ripoti ya mzazi ndilo jambo la kuandika.

Mgeni rasmi akija

Siku hiyo itafika, na mwalimu mkuu atataka watoto 12 wazuri. Mpe mstari mmoja wa Mganda uliochaguliwa kwa zamu, na waimbaji wawe darasa zima nyuma yao; mistari iliyonyooka na sauti 90 zitampendeza mgeni zaidi ya viuno 12.

Mcheza kwao hutunzwa, kwa hiyo noti zitatoka mifukoni. Amua mapema nani atazipokea. Weka ungo mbele ya ngoma, mwoneshaji amwelekeze mgeni huko, na mtu asimbandike mtoto noti mwilini. Baada ya sherehe hesabu fedha mbele ya viranja, zisomwe darasani na kuandikwa kwenye daftari la darasa. Kitu cha kwanza kununuliwa kiwe ngozi ya kuwamba ngoma upya, maana ile ya zamani kwa vipindi vyote hivi itakuwa imeshachoka.